Weusi Uliokolea: Shajara ya Kuchapa Picha ya Fundi Cherehani

Shajara hii ni ya yeyote anayechapa picha za nyeusi na nyeupe kwa printa ya wino, akaona kwamba giza analoliona kwenye skrini halifiki kwenye karatasi. Picha ninayoifanyia kazi ni moja tangu mwanzo hadi mwisho. Mzee fundi cherehani ameketi mlangoni, amevaa koti jeusi. Mbele yake kuna cherehani nyeusi ya chuma, na nyuma yake chumba ambacho taa haijawashwa. Hapo pana weusi wa namna tatu, wa kitambaa, wa chuma na wa giza tupu, na nataka mtazamaji autambue kila mmoja bila kuelekezwa. Mzee nilimwahidi nakala ya kutundika ukutani.

Vifaa: printa ya wino wa pigmenti (wino wa chembe ngumu za rangi) yenye aina mbili za wino mweusi na aina mbili za kijivu, karatasi ya pamba isiyong'aa ya gramu 310 (A4 kwa majaribio, A3+ kwa nakala ya mwisho), na spektrofotomita ndogo niliyoazima, kifaa cha kupima rangi na mwanga unaorudishwa na karatasi. Gharama nitaihesabu kwa karatasi, wino na siku.

3 Februari: nakala ya kwanza

Nilichapa kama ninavyochapa picha za rangi kila siku: profaili ya karatasi (faili linaloeleza karatasi hiyo inavyopokea rangi), ubora wa juu, basi. Ikatoka picha iliyopauka. Koti la mzee lilikuwa na rangi ya mkaa uliofunikwa na jivu. Chumba cha nyuma kilifanana na ukuta uliopakwa kijivu, kitu cha kugonga kwa kidole, ilhali kwenye skrini ni mahali ambapo mtu angeingia akapotea.

Nilipima sehemu nyeusi kuliko zote. L* ikasoma 24. Kwa asiyekifahamu kipimo hiki, 0 ni giza kamili na 100 ni weupe kamili. Wachapaji wengi hupenda kutaja densiti, ambayo huhesabiwa kwa logi: densiti 1 maana yake karatasi inarudisha sehemu moja ya kumi ya mwanga ulioiangukia, densiti 2 sehemu moja ya mia. L* 24 ni densiti 1.39 hivi. Yaani kile nilichokiita cheusi kilikuwa kinarudisha asilimia 4 ya mwanga.

Karatasi nzuri ya pamba isiyong'aa hufika densiti 1.6 hadi 1.7. Inayong'aa huvuka 2.2. Kumbe sikuwa nimefika hata kwenye uwezo wa karatasi niliyonayo. Kuna mahali weusi ulikuwa unavuja, na kazi yangu ya kwanza ni kupatafuta.

(Kama huna spektrofotomita, skana ya mezani inasaidia, mradi uzime marekebisho yake yote ya kiotomatiki. Haitakupa densiti ya kuaminika, ila itakuambia kipande kipi ni cheusi kuliko kingine, na kwa sehemu kubwa ya kazi hii hilo linatosha.)

Gharama: karatasi 1 ya A4.

5 Februari: nililaumu faili

Kosa la siku mbili hili. Niliona picha imepauka, nikaenda kwenye programu ya kuhariri nikavuta vivuli chini na kuongeza kontrasti. Nilitengeneza matoleo manne, kila moja na giza zaidi ya lililotangulia, nikayachapa yote.

Kwa macho, la nne lilionekana jeusi zaidi. Kipimo kikakataa: 24, 24, 23.9, 24. Kwenye faili namba huanzia 0, weusi kamili, hadi 255, weupe kamili; likishasema 0 limemaliza maneno yake, hakuna namba chini ya hapo ya kuiambia printa. Nilichokuwa nikifanya ni kuwasukuma majirani wa ile 0 waingie shimoni pamoja nayo. Eneo la giza likapanuka, jicho likadanganyika, lakini kina hakikuongezeka hata kidogo. Na hasara ilikuwa kubwa. Mikunjo ya mkono wa koti ilipotea, bega likashikana na mlango, na cherehani ikabaki mstari mmoja wa mwako kwenye ukingo wa gurudumu, kama pete inayoelea gizani.

Tangu siku hiyo ninaandika namba mbili kwa kila jaribio, tena pembeni ya karatasi yenyewe kwa penseli: L* ya weusi wa mwisho, na idadi ya ngazi zinazoonekana kabla ya kuufikia. Ya kwanza inaniambia kina, ya pili inaniambia kama ndani ya giza bado mna kitu.

Gharama: karatasi 4.

9 Februari: wino usio wake

Uvujaji wa kwanza umepatikana, na ulikuwa mbele ya macho yangu muda wote. Kwenye dirisha la kiendeshi cha printa, yaani programu inayoipa printa maagizo, sehemu ya aina ya karatasi ilikuwa bado inasema karatasi ya picha inayong'aa. Ilibaki hapo tangu kazi ya wiki iliyopita. Mimi niliona profaili ni sahihi nikadhani yote ni sahihi.

Ile sehemu ina kazi kubwa kuliko jina lake. Huamua kiasi cha wino, umbali wa kichwa kutoka kwenye karatasi, na, kwenye printa kama hii, huamua ni wino mweusi upi utumike. Wino mweusi wa picha hutengenezwa kwa ajili ya nyuso zinazong'aa: chembe zake zimevikwa utomvu unaozishika juu ya uso laini na kuuacha uking'aa. Uuweke kwenye karatasi ya pamba, utakauka ukiwa kijivu kizito. Wino mweusi wa mati, yaani wa kutong'aa, ndio uliotengenezwa kwa ajili ya tabaka la karatasi isiyong'aa, na humo hukolea. Picha yangu yote ilikuwa imechapwa kwa wino wa kwanza.

Nilibadilisha aina ya karatasi. Kwenye printa yangu weusi hawa wawili wanapita njia moja, kwa hiyo kabla ya kubadilisha wino, printa husafisha njia nzima, na mililita kadhaa za wino huishia kwenye tangi la taka. Kwenye printa ambazo kila mweusi una matundu yake, gharama hii haipo. Ushauri wangu kwa wenye printa kama yangu: panga kazi zako, maliza za mati zote kisha ndipo uvuke upande wa pili.

Nakala iliyofuata ilisoma L* 17, densiti 1.64. Niliishika mkononi nikakaa nayo muda mrefu. Koti sasa lilikuwa koti, lenye uzito begani.

Gharama: karatasi 1, na wino wa kusafisha njia.

11 Februari: upande wa nyuma

Fupi, ila iandikwe. Nilichapa karatasi mbili zikatoka zimefifia, kingo za herufi kwenye kipande cha majaribio zikiwa zimetambaa kama wino kwenye karatasi ya choo. Nikadhani nozeli, matundu ya kutolea wino, zimeziba. Nikasafisha kichwa mara moja, bila sababu yoyote. Kumbe karatasi nilizitoa kwenye pakiti nikaziweka kifudifudi. Upande mmoja tu ndio wenye tabaka la kupokea wino. Wa pili ni pamba tupu, nao hunyonya kila kitu.

Jinsi ya kujua: lowesha kidogo ncha ya kidole, gusa kona zote mbili za upande mmoja na wa pili. Upande wenye tabaka hunata kidogo kidoleni. Tangu hapo ninatia alama ya penseli nyuma ya kila karatasi mara ninapofungua pakiti.

Gharama: karatasi 2, usafishaji 1 wa kichwa.

16 Februari: ngazi ya wino, na kipimo kilichonidanganya

Hapa ndipo nilipojifunza zaidi kuliko popote, kwa hiyo nitaeleza kwa urefu.

Kiendeshi cha kawaida hakikuruhusu kuona wino mmoja mmoja. Nikahamia QuadToneRIP, programu ya Roy Harrington ambayo hukuachia uamue kila wino utoke kiasi gani katika kila ngazi ya kijivu. Ina hali ya upimaji ambamo kila wino huchapwa peke yake kwa ngazi, kuanzia tone la kwanza hadi asilimia 100. Nilichapa ukurasa huo ili nijue wino mweusi wa mati unafika wapi kwenye karatasi hii.

Nilisubiri dakika kumi nikapima. Ngazi ya asilimia 95 ndiyo iliyosoma chini kuliko zote. Nikaweka kikomo cha wino hapo, nikachapa picha, nikalala na furaha. Asubuhi picha ilikuwa imebadilika. Weusi ulikuwa umepauka, na mlango ulikuwa na mng'ao wa ajabu, kama sakafu iliyopigwa nta sehemu sehemu. Nilipoupitisha kitambaa cheupe cha pamba kwa upole, kilitoka na doa jeusi.

Nilirudi kwenye ukurasa wa ngazi, sasa umekauka usiku kucha, nikapima upya. Haya ndiyo masomo ya mwisho:

asilimia 50: L* 26
asilimia 70: L* 18.9
asilimia 80: L* 16.6
asilimia 85: L* 16.4
asilimia 90: L* 16.5
asilimia 100: L* 17.1

Itazame mwenyewe. L* inashuka hadi 85, kisha inageuka na kupanda. Wino wa ziada haukuongeza giza, uliliondoa. Nilichukua lenzi ya kukuzia nikaangalia ngazi ya 80 na ya 100 zikiwa jirani. Kwenye 80, uso ulikuwa sawa kama mahameli, nyuzi za karatasi zikionekana chini kwa mbali. Kwenye 100 wino ulikuwa umejaa mabonde yote kati ya nyuzi na kufanya vidimbwi vilivyokauka na ngozi juu, na kila kidimbwi kilikuwa kinarudisha nukta yake ya mwanga. Nukta hizo kwa maelfu ndizo kijivu nilichokiona asubuhi. Karatasi ina kiasi chake cha kubeba; tabaka likijaa, kinachoongezeka hukaa juu, hubadilisha uso, na hutoka kwa kuguswa.

Kosa langu la pili lilikuwa kupima kabla ya wino kukauka. Wino wenye maji bado ni mweusi kuliko utakavyokuwa, kama ilivyo kwa kitambaa kilicholowa. Nilichapa ukurasa mwingine kwa ajili ya hili peke yake: ngazi ya 85 ilisoma 15.5 baada ya dakika kumi, 16.1 baada ya saa moja, na 16.4 siku ya pili, ikatulia hapo. Ubaya zaidi ni kwamba nilikuwa nikilinganisha kipande kibichi na kikavu kila siku bila kujua. Sasa sipimi wala sihukumu chochote kabla ya saa 24. Kazi imekuwa ya polepole, lakini namba zangu zinakubaliana.

Kikomo nimekiweka 82. Sikuchagua 85 yenyewe kwa sababu tofauti ya kina haionekani kwa jicho, wakati kupunguza wino kunaniacha mbali na kingo za vidimbwi. Densiti ya mwisho: 1.66.

Gharama: karatasi 3, siku 3 za kusubiri, na usiku mmoja wa furaha isiyo na msingi.

23 Februari: kilicho ndani ya giza

Kina kimepatikana. Sasa zamu ya namba ya pili.

Kwanza nilisawazisha ngazi. Nilichapa ngazi 21 za kijivu, nikasubiri siku, nikazipima, nikaipa programu masomo yale ili itengeneze mkunjo wa toni unaofanya kila hatua ya faili iwe hatua sawa kwenye karatasi. Hii kazi ya kijivu hutegemea wino hafifu. Mwaka 2005 Epson walipotoa wino wa K3, ile 3 ilikuwa na maana ya weusi wa viwango vitatu: mweusi wenyewe, mweusi hafifu, na mweusi hafifu zaidi. Mwanga wa shavu la mzee hauchapwi kwa nukta nyeusi zilizotawanyika, unachapwa kwa wino wa kijivu uliojaa sawasawa, na mweusi kamili huingia pale tu toni inapozama. Kama mweusi ukiingia mapema mno, unaona chembechembe kwenye kijivu cha kati, kama mchanga usoni. Nililazimika kuusogeza mara mbili.

Kisha nikachapa kipande cha vivuli peke yake: miraba kutoka thamani 0 hadi 40 kwa hatua za mbili, juu ya mandhari ya 0. Swali ni moja: mraba wa kwanza kuonekana ni upi? Kwangu ulikuwa 16. Hiyo ni mbaya. Baada ya kusawazisha nilitegemea 6 au 8.

Ilinichukua siku mbili kugundua sababu. Faili langu la kijivu lilikuwa limehifadhiwa katika nafasi ya rangi (kanuni ya kutafsiri namba za faili kuwa mwanga) ya Dot Gain 20%, ambayo programu yangu ya kuhariri iliipendelea tangu siku nilipoisakinisha. QuadToneRIP haikusoma lebo hiyo; ilizichukua namba kama zilivyo, na mkunjo wangu nilikuwa nimeujenga kwa matarajio ya Gray Gamma 2.2. Nafasi hizi mbili zinakaribiana katikati, ila zinaachana sana karibu na weusi. Namba 10 katika Dot Gain 20% ni kivuli chenye uhai; namba hiyo hiyo katika Gamma 2.2 ni giza karibu kamili. Skrini ilinionyesha ya kwanza, printa ikachapa ya pili.

Dawa: kubadilisha faili kwenda Gray Gamma 2.2 kwa kulibadilisha kweli, namba zikokotolewe upya. Kulibandika lebo mpya tu hakusaidii, kwa kuwa namba zinabaki zile zile. Na fanya hivyo faili likiwa la biti 16, lenye ngazi nyingi zaidi za kijivu, la sivyo vivuli vinaweza kutoka na mistari ya ngazi ngazi. Mraba wa kwanza kuonekana sasa ni 6.

Kwa wanaochapa kwa profaili za kawaida za rangi (ICC) na kiendeshi cha kawaida, mtego wenu mkubwa ni mwingine. Weusi wa faili ni L* 0, weusi wa karatasi hii ni L* 16. Mkichagua kulinganisha kwa kipimo cha rangi (relative colorimetric) bila kuwasha fidia ya nukta nyeusi (black point compensation), inayolinganisha weusi wa faili na weusi wa karatasi, kila kitu kilicho kati ya 0 na 16 kinabamizwa kuwa weusi mmoja. Iwasheni. Na hakikisheni rangi inasimamiwa na upande mmoja tu, programu au kiendeshi. Zikisimamia zote mbili, picha inasahihishwa mara mbili.

Baada ya hapo ndipo nilipoigusa picha yenyewe, kwa utulivu. Nilikubaliana na nafsi yangu kwamba weusi kamili, ile 0, ni mali ya mlango peke yake. Koti nililipandisha hadi likacheza kati ya 14 na 30, kwa kuwa kitambaa cha sufu hunyonya mwanga lakini kina mikunjo. Cherehani niliiacha chini ya koti, karibu 10, ila nikaung'arisha ukingo wa gurudumu na shingo ya mashine. Chuma hujulikana kwa mwako wake. Ajabu ni kwamba mlango ulizama zaidi baada ya mimi kuinua kila kilichouzunguka, na kipimo hakikuwa kimebadilika hata kwa nusu ya alama. Jicho halina kipimo cha peke yake, linapima kwa majirani.

Na kwenye karatasi ya tano, ndani ya mlango, juu kushoto, kukatokea kitu ambacho sikuwahi kukiona kwenye karatasi: mkasi, umening'inia kwenye msumari. Matundu mawili ya vidole, na mstari mwembamba wa makali. Kwenye faili ulikuwepo siku zote, kwa thamani 8 na 9.

Gharama: karatasi 5.

1 Machi: barita, na suala la mwanga

Nilitaka kujua ninapoteza nini kwa kung'ang'ania karatasi ya mati. Nikavuka kwenda wino mweusi wa picha na karatasi ya barita, ile yenye tabaka la salfeti ya bariamu chini ya uso wake, kama za chumba cha giza. Kipimo: L* 4, densiti 2.35. Ukiziweka mbili mezani, mlango wa kwenye barita ni kisima.

Tofauti iko kwenye uso. Karatasi ya mati ina uso mkwaruzo unaotawanya mwanga kila upande, na sehemu yake hufika jichoni hata utazame kutoka wapi. Hiyo ni kijivu ambacho hakuna wino utakaokiondoa. Uso unaong'aa hurudisha mwanga upande mmoja kama kioo. Ukisimama nje ya upande huo, unaona weusi wenyewe.

Lakini ukisimama ndani yake, unaona dirisha. Na nilipoiinamisha nakala, maeneo ya kijivu kizito yaligeuka rangi ya shaba, huku weupe mtupu, usio na wino, ukiwa na mng'ao tofauti na maeneo yaliyochapwa. Nakala ya pili iliguswa na kichwa cha printa kwenye kona iliyokuwa imejikunja, ikapata mkwaruzo. Ya tatu niliipandishia kichwa na kuilaza karatasi chini ya vitabu usiku kucha kabla ya kuichapa, ikatoka safi.

Kilichoamua ni kioo cha fremu. Kioo cha kawaida huakisi takriban asilimia 4 ya mwanga kwa kila uso wake, jumla karibu asilimia 8. Weusi wa barita unarudisha chini ya nusu asilimia. Mahali ambapo chumba kinaakisiwa kwenye kioo, akisi hiyo inaifunika faida yote ya barita. Picha hii itawekewa kioo, maana itakaa karibu na vumbi la vitambaa. Nimebaki na mati. Kama ningekuwa naichapa kwa ajili ya kushikwa mkononi, au kwa fremu ya kioo kilichotiwa dawa ya kuzuia akisi, ningechagua barita bila kusita.

Gharama: karatasi 3 za barita, na wino wa kuvuka njia mara mbili, kwenda na kurudi. Hii ndiyo hatua iliyokula wino kuliko zote.

6 Machi: dawa ya kupuliza

Kuna dawa za kupuliza za kukinga picha za pigmenti, na nilitaka kuona kama zinaongeza kina kwenye mati. Zinaongeza. Tabaka mbili nyembamba zilishusha L* kutoka 16.4 hadi 14.9, densiti 1.72. Ila jaribio la kwanza niliharibu: nilipuliza kwa karibu, matone yakatua kwenye koti yakakauka kama alama za mvua kwenye vumbi. La pili nilisimama umbali wa mkono mmoja, nikaanza kupuliza nje ya karatasi na kumalizia nje, nikivuka kama anayepaka rangi ukuta. Likatoka sawa. Fanya kazi hii penye hewa ya kutosha, baada ya wino kukauka siku nzima.

Gharama: karatasi 2.

12 Machi: nakala ya A3+

Sikuwa nimechapa kwa siku sita, na nikaenda moja kwa moja kwenye karatasi kubwa bila kuchapa ukurasa wa kukagua nozeli. Kosa langu kabisa. Mlango ulitoka na mistari myembamba ya kijivu, umbali sawa kati ya mstari na mstari, kama kitambaa cha mistari. Matundu matatu ya wino mweusi yalikuwa yamekauka. Kwenye picha ya rangi pengine nisingeyaona. Weusi mpana hauna pa kuficha kitu. Usafishaji mmoja ukayafungua. Nilizima pia uchapaji wa haraka, ambao kichwa huchapa kikienda na kikirudi, nikaruhusu upande mmoja tu. Nakala mbili zilizofuata ni safi, na baada ya kukauka na kupulizwa zimesoma 14.9 na 15.0.

Jumla yote: karatasi 21 za A4, 3 za A3+, na wiki tano na ushee kwa sababu ya kusubiri kukauka.

15 Machi: ukutani

Nilimpelekea mzee. Baada ya shikamoo na marahaba aliishika fremu kwa mikono miwili, akaisogeza karibu na macho, akapitisha kidole juu ya kioo kutoka kwenye gurudumu hadi begani, kisha kikasimama juu kushoto.

"Mkasi wangu huu. Kumbe nilikuwa nimeutundika humu."

Alitaka picha ikae ukuta unaotazamana na mlango, ionekane na kila anayeingia. Tulijaribu, na kioo kikajaa mlango, barabara na sisi wawili tumesimama. Tukaihamishia ukuta wa pembeni, dirisha likiwa kushoto kwake, mwanga ukiingia kwa mshazari. Nilikaa hadi saa kumi na moja jioni nikishona naye maneno, nikiitupia jicho kila jua liliposogea. Giza la chumba kile halikupauka, na koti lilibaki mbele yake.